Kipakatalishi Kisichopakatika: Ununuzi na Umiliki wa Tarakilishi za Michezo za Hali ya Juu

Utangulizi

Neno kipakatalishi, ambalo limezoeleka sana nchini Kenya, limejengwa juu ya kitenzi pakata. Kupakata ni kuweka kitu au mtu mapajani, jinsi mama anavyompakata mwanawe. Nchini Tanzania wengi husema kompyuta mpakato, na dhana ni ile ile: mashine inayokaa mapajani mwa mtumiaji. Istilahi hizi zinaiafiki vyema mashine ya kawaida ya kuandikia tasnifu. Hata hivyo, ipo aina moja ya kipakatalishi ambayo inalikana jina lake, nayo ni ile iliyoundwa mahususi kwa michezo ya tarakilishi ya kiwango cha juu. Yeyote atakayejaribu kuipakata huku mchezo ukiendelea atatambua mambo mawili kwa haraka: kwamba mapaja yake yanaungua, na kwamba mashine yenyewe inapunguza kasi, kwa kuwa matundu yake ya kuvutia hewa yako upande wa chini na nguo imeyaziba.

Makala haya yanaeleza jinsi mashine hii inavyofanya kazi, namna inavyouzwa, na mambo yanayomsubiri anayeimiliki. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi huuziwa jina, ilhali anachopokea ni kiasi fulani cha umeme pamoja na uwezo fulani wa kuliondoa joto. Mambo hayo mawili hayalingani kila mara, na tofauti iliyopo baina yake hulipiwa na mnunuzi.

Suala hili si dogo kwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka wa 2025, kampuni ya Nvidia ilipozindua kadi ya RTX 5090 ya vipakatalishi, ilitangaza kwamba bei ya mashine zenye kadi hiyo ingeanzia dola 2,899 za Marekani. Kwa kiwango cha ubadilishanaji cha mwaka huo, cha takriban shilingi 129 za Kenya kwa dola moja, hizo ni kama shilingi 374,000. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, jumla inapita shilingi 430,000, kabla ya gharama ya usafiri, tozo nyinginezo na faida ya mwenye duka. Chumba cha kupanga cha shilingi 10,000 kwa mwezi kingelipiwa kwa fedha hizo kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu. Anayetoa kiasi hicho ana haki ya kujua anachonunua. Ajabu ni kwamba kibandiko kilichowekwa karibu na kibodi hakimwambii.

Umeme na Joto

Mchezo wa tarakilishi ni picha zinazochorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Skrini za vipakatalishi vingi vya daraja hili zina nukta 2,560 kwa upana na 1,600 kwa kimo, yaani nukta zaidi ya milioni nne, na huweza kubadilisha picha mara 240 kwa sekunde. Kila picha basi ina muda wa milisekunde 4.2 pekee wa kuandaliwa, ikilinganishwa na milisekunde 16.7 katika skrini ya kawaida inayobadilika mara 60. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na prosesa peke yake. Prosesa, ambayo ndiyo bongo la tarakilishi, ni mithili ya mhadhiri mmoja hodari anayesahihisha tasnifu ngumu, hoja baada ya hoja. Kadi ya michoro ni mithili ya uwanja uliojaa maelfu ya watoto wa shule ya msingi, kila mmoja akijumlisha hesabu moja ndogo kwa wakati mmoja na wenzake. Picha ya mchezo ni mamilioni ya hesabu ndogo zinazofanana. Kwa hiyo, katika kazi hii, uwanja humshinda mhadhiri.

Uwanja huo unataka kulishwa. Kadi ya kilele ya kipakatalishi huruhusiwa kutumia hadi wati 150, na watengenezaji wengine huiongezea wati 25 zinazokopwa kutoka fungu la prosesa pale prosesa inapokuwa haina kazi nyingi. Prosesa nayo ina mgao wake, na skrini, kumbukumbu na feni zina wao. Si jambo la ajabu mashine nzima kuvuta wati 250 mchezo unapopamba moto. Takriban umeme wote huo hutoka ukiwa joto, kwa kuwa saketi hazisukumi gurudumu wala hazipandishi maji. Hesabu zikishafanywa, kinachobaki ni joto tu. Msomaji na afikirie balbu 25 za wati 10 kila moja zikiwaka ndani ya kasha lenye unene wa sentimita mbili au tatu.

Joto hilo huondolewa kwa njia ambayo kimsingi ni rahisi. Juu ya prosesa na kadi huwekwa mirija ya shaba, au bamba bapa la shaba lililo wazi ndani, lenye kimiminika kidogo. Kimiminika hicho huchemka pale penye joto, mvuke wake ukasafiri hadi penye mapezi membamba ya chuma, ukapoa na kurejea kuwa kimiminika. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi na kulitoa joto nje kupitia nyuma na kandoni. Ni kanuni ile ile ya mvuke unaoganda kwenye kifuniko cha sufuria na kudondoka tena chunguni. Pindi uondoaji wa joto unaposhindwa kuenda sambamba na umeme unaoingia, mashine hujikinga. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, au kadi ikikaribia nyuzi 87, mwendo hupunguzwa ili joto lishuke. Mchezaji huona picha zikikwamakwama, akadhani kwamba mchezo una kasoro.

Hapa ndipo unene wa mashine unapopata maana. Mashine nene yenye mapezi makubwa na feni pana huweza kuilisha kadi wati 150 kwa saa nzima bila kuchoka, ilhali nyembamba, hata ikiwa na kadi hiyo hiyo, huishia kuilisha wati 90 au 100. Wembamba hupendeza dukani. Hata hivyo, kila milimita inayoondolewa hutolewa kutoka mahali pa kupitishia hewa, na matangazo ya biashara husifu wembamba na nguvu katika sentensi moja kana kwamba havishindani.

Watengenezaji walijua hivyo tangu awali. Alienware, iliyoasisiwa Miami mwaka wa 1996 na kununuliwa na Dell mwaka wa 2006, ilijijengea jina kwa mashine zilizokuwa nzito kama matofali. Mwaka wa 2015 ASUS ilionyesha GX700, kipakatalishi kilichochomekwa nyuma katika kifaa kikubwa cha kupozea kwa maji. Kilele cha njia hiyo, au pengine kichekesho chake, kilikuwa Predator 21 X ya Acer, iliyoingia sokoni mwaka wa 2017: skrini iliyopinda ya inchi 21, kadi mbili za GTX 1080, adapta mbili za umeme, uzani wa kilo 8.8 na bei ya dola 8,999. Yeyote aliyekiita kifaa hicho kipakatalishi alikuwa akitumia lugha kwa ukarimu mkubwa.

Jina Moja, Nguvu Nyingi

Kwa miaka mingi, kadi za vipakatalishi zilibainishwa kwa herufi M iliyowekwa mwishoni mwa jina. Mnunuzi aliyeona GTX 970M alijua kwamba hiyo si GTX 970 ya tarakilishi ya mezani. Mwaka wa 2016, Nvidia ilipotoa kadi za kizazi cha GTX 10, iliiondoa herufi hiyo. Wakati huo hatua hiyo ilikuwa na mantiki, maana GTX 1080 ya kipakatalishi ilikaribiana sana na ile ya mezani. Kiambishi kiliondolewa kwa sababu maana yake ilikuwa karibu kutoweka.

Lakini maana ilirudi, na kiambishi hakikurudi. Mwaka wa 2017 kampuni hiyo ilileta mpango ulioitwa Max-Q, ambapo kadi ilipunguziwa umeme ili iweze kukaa katika mashine nyembamba. Kwa muda, neno Max-Q liliandikwa bayana kando ya jina la kadi, na mnunuzi mwangalifu aliweza kulitambua. Ilipofika mwaka wa 2021, kizazi cha RTX 30 kilipoanza kuuzwa, alama hiyo nayo ilififia. RTX 3080 ya kipakatalishi ingeweza kupewa wati 80 katika mashine moja na zaidi ya wati 150 katika nyingine, na zote mbili zikaitwa RTX 3080. Isitoshe, ilikuwa imejengwa kwa kipande cha silikoni kilicho kidogo kuliko kile cha RTX 3080 ya mezani. Baada ya malalamiko kuzagaa, Nvidia ilianza kuwataka watengenezaji waonyeshe kiwango cha wati katika maelezo ya bidhaa zao. Wengi hukionyesha, japo aghalabu kwa maandishi madogo mwishoni mwa ukurasa mrefu.

Mfano ulio wazi zaidi ni RTX 4090. Ile ya mezani ilitoka Oktoba mwaka wa 2022 ikiwa na viini 16,384 vya kukokotolea, kumbukumbu ya gigabaiti 24 na mgao wa wati 450. Ile ya vipakatalishi ilifuata mwanzoni mwa mwaka wa 2023 ikiwa na viini 9,728, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na mgao usiozidi wati 150, au 175 pamoja na zile za kukopa. Idadi hiyo ya viini ni sawasawa na ile ya RTX 4080 ya mezani, na kipande cha silikoni chenyewe ni cha ukoo wa 4080. Kwa maneno mengine, mnunuzi alipewa mwili wa 4080, umeme wa theluthi moja ya ule wa 4090, na jina la 4090. Mwaka wa 2025 hali ilijirudia: RTX 5090 ya mezani ina viini 21,760 na wati 575, nayo ya vipakatalishi ina viini 10,496, ambavyo havifiki nusu.

Wanafunzi wa semantiki watalitambua tatizo hili mara moja. Ishara moja imepewa virejelewa viwili, na muktadha ndio unaotarajiwa kuitofautisha. Tatizo ni kwamba muktadha wenyewe, yaani duka, una kila sababu ya kuuacha utata huo uendelee. Ni haki kuongeza kwamba kampuni huandika maneno ya kubainisha kuwa kadi ni ya kipakatalishi katika hati zake rasmi. Yanayosemwa na muuzaji mbele ya rafu ni jambo jingine.

Fauka ya hayo, ngazi za majina hupindukana. Kadi ya daraja la pili iliyolishwa wati 140 katika kasha nene huweza kuishinda kadi ya daraja la kwanza iliyobanwa kwa wati 80 katika kasha jembamba, na ile ya kwanza ikawa na bei nafuu zaidi. Mnunuzi anayeuliza jina tu hawezi kuliona hilo.

Maswali ya Kuuliza Dukani

Swali la kwanza basi ni wati. Jibu lake halihitaji kutegemea kumbukumbu ya muuzaji. Katika mashine yenye kadi ya Nvidia, paneli ya udhibiti ya kampuni hiyo ina sehemu ya taarifa za mfumo, na humo umo mstari unaotaja nguvu za juu kabisa za kadi kwa wati. Ni kazi ya dakika moja. Muuzaji mwaminifu, awe katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi au penginepo, hatakataa kuiwasha mashine na kuufungua mstari huo.

Baada ya hapo, mashine inafaa kuchomekwa kwenye umeme na kuendeshwa kwa mchezo mzito, au kwa programu ya majaribio, kwa muda wa nusu saa. Dakika tano za kwanza hazina ushahidi wowote. Wakati huo shaba ingali baridi na kila mashine ni shujaa. Kinachotafutwa ni kasi ya dakika ya ishirini na tano, pamoja na sauti ya feni. Mtu anayeishi chumba kimoja na mwenzake anayedurusu usiku hapaswi kuidharau sauti hiyo.

Skrini nayo ni mtego wa aina yake. Skrini ya nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta zipatazo mara mbili ya ile ya 2,560 kwa 1,600, na kila nukta ni lazima ichorwe. Anayenunua skrini kubwa kwa ajili ya fahari huipunguzia kadi yake nguvu kwa hiari yake. Kuhusu kumbukumbu na diski ya hifadhi, swali si ukubwa pekee bali pia iwapo vinaweza kubadilishwa. Katika mashine nyingi nene vinaweza, na katika nyingi nyembamba kumbukumbu imeunganishwa kwa lehemu moja kwa moja kwenye ubao.

Wapo wanaoagiza mashine kutoka Marekani kupitia kwa jamaa walioko huko. Umeme si kikwazo, kwa kuwa adapta za mashine hizi hupokea volti 100 hadi 240 na kinachobadilishwa ni waya wa plagi tu. Kikwazo ni dhamana, ambayo aghalabu hufungamanishwa na nchi au eneo ilikouzwa mashine. Mashine ya nusu milioni isiyo na dhamana inayotambulika Nairobi ni kamari, hata kama bei yake ilipunguzwa kwa shilingi elfu hamsini.

Kuishi na Mashine

Jambo la kwanza analogundua mmiliki mpya ni kwamba mashine yake haina uhuru aliodhani inao. Betri kubwa kabisa katika vipakatalishi huishia kwenye saa-wati 99 na ushei, kwa sababu kanuni za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba betri isiyozidi 100 bila idhini maalumu ya shirika la ndege. Mashine inayovuta wati 250 ingeimaliza betri hiyo katika muda wa dakika 24. Kwa hakika hata hizo hazipatikani, maana betri haiwezi kutoa umeme mwingi kiasi hicho kwa usalama. Waya unapochomolewa, mashine huikatia kadi mgao wake na mchezo huzorota papo hapo. Stima ikipotea katikati ya mchezo, betri humpa mchezaji fursa ya kuhifadhi alipofika na kuaga wenzake, basi.

Adapta yenyewe ni mzigo. Zile za wati 330 huwa na uzani wa karibu kilo moja, na chaja ndogo ya wati 65 aliyoazimwa mtu maktabani haiwezi kuishika nafasi yake. Itaichaji mashine ikiwa imelala, au itaihimili wakati wa kuandika. Mchezo ukianza, betri itashuka ingawa waya umechomekwa.

Gharama ya umeme huwashtua wengi kwa sababu ya hesabu iliyo rahisi mno. Wati 250 kwa saa nne ni yuniti moja kamili. Mchezaji wa saa nne kila siku hutumia yuniti 30 kwa mwezi kwa mashine hiyo pekee. Katika viwango vya bei ya umeme vilivyoanza kutumika nchini Kenya Aprili mwaka wa 2023, wateja wa nyumbani waliotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi waliwekwa katika kundi la bei nafuu zaidi. Mwanafunzi wa chumba kimoja, ambaye balbu yake, simu yake na redio yake zilimweka salama ndani ya kundi hilo, angetolewa humo na mchezo, na kila yuniti aliyonunua ingepanda bei, hata ile ya kuwashia taa.

Betri huharibiwa na mambo mawili, joto na kujaa, na mashine ya michezo huyapata yote mawili kwa kuwa hukaa imechomekwa siku nzima. Watengenezaji wengi wameweka programu inayozuia betri isijae kupita asilimia 80. Ni vyema ikawashwa siku ya kwanza. Betri iliyopuuzwa huweza kuvimba baada ya miaka michache na kuinua kibodi. Ikifikia hapo, haifai kubonyezwa wala kutobolewa, bali kuondolewa na fundi anayejua anachofanya, kwa sababu lithiamu huwaka.

Mahali anapoishi mmiliki pana athari kuliko inavyodhaniwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa yapata sehemu moja ya sita. Feni inayozunguka kwa mwendo ule ule husukuma hewa kidogo zaidi kwa uzani, na hivyo hubeba joto kidogo zaidi. Afueni ni kwamba hewa hiyo ni baridi. Mombasa hewa ni nzito, lakini huingia katika mashine ikiwa tayari na nyuzi 30 pamoja na chumvi inayokula metali. Kila mji una upande wake wa kulipia. Bei ya vumbi nayo hulipwa kila mahali, hasa miezi ya kiangazi: huingia na hewa, hunasa katikati ya mapezi na kufanya blanketi ambalo halionekani kwa nje. Mashine iliyokuwa kimya mwezi wa Januari huunguruma mwezi wa Septemba, na mwenyewe hudhani imezeeka.

Kulisafisha vumbi hilo ni kazi ya fundi wa kawaida, isipokuwa kwa jambo moja ambalo lafaa kutiliwa mkazo. Kati ya prosesa na bamba la shaba huwekwa dutu ya kupitishia joto. Katika mashine nyingi hiyo ni rojo ya kijivu, ambayo fundi huifuta na kupaka nyingine. Lakini ASUS na baadhi ya kampuni nyingine, katika mashine zao za daraja la juu, hutumia metali ya majimaji, ambayo ni mchanganyiko wenye galiamu. Hupitisha joto vizuri kuliko rojo. Hupitisha pia umeme, na hula aluminiamu. Fundi asiyejua akifungua mashine hiyo na kuipangusa kama rojo, tone moja likaangukia kwenye ubao, mashine inapowashwa saketi hukutana mahali pasipostahili na ubao mzima unakufa. Mafundi wa Kenya wana ujuzi mwingi walioupata kwa kufungua mashine za kila aina, na kosa hapa si la mkono wao. Ni la mwenye mashine ambaye hakusoma maelezo ya kifaa chake, akaikabidhi bila kusema neno. Anayemiliki mashine ya aina hii na ajue kilichomo kabla ya parafujo ya kwanza kulegezwa, na amwambie fundi.

Yapo pia mambo ambayo mashine haiwezi kuyafanya hata ikilishwa wati ngapi. Michezo ya kushindana mtandaoni hutegemea umbali wa seva. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Mombasa Julai mwaka wa 2009, mawasiliano mengi ya Kenya yalipitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani, na kwenda na kurudi kwa ujumbe kulichukua takriban nusu sekunde. Nyaya za kioo zimeondoa adha hiyo. Hata hivyo, mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 29, na kwa kuwa nyaya huzungukazunguka, huwa zaidi. Anayetarajia kadi ya bei kali imsogezee seva karibu atangoja sana.

Kwa upande mwingine, ule uwanja wa hesabu ndogondogo haufanyi michezo peke yake. Wanafunzi wa usanifu majengo na wa filamu za vibonzo wanaujua vyema. Hata mtafiti wa fasihi simulizi anaweza kuutumia: Whisper, programu ya kunukuu usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka wa 2022, hukijua Kiswahili kwa kiasi, nayo huendeshwa katika mashine ya mtu mwenyewe bila intaneti. Mahojiano ya saa kadhaa yaliyorekodiwa nyanjani hupata nakala ya kwanza usiku mmoja, ingawa nakala hiyo hudai kusahihishwa neno kwa neno, hasa pale msimulizi anapotumia lahaja. Mlezi anayeombwa fedha za kununua mashine ya michezo huenda ataambiwa habari hii kabla ya nyingine zote, na si uongo, mradi iwe kweli inatumiwa hivyo.

Uzee wa Mashine

Mwenye tarakilishi ya mezani, kadi yake ikipitwa na wakati, huing'oa na kuweka nyingine. Mwenye kipakatalishi aghalabu hawezi, kwa kuwa kadi imeunganishwa kwa lehemu kwenye ubao mkuu. Ubao ukifa, kadi imekwenda nao; mchezo mpya ukiishinda kadi, mashine nzima imeshindwa.

Majaribio ya kulivunja sharti hilo yamefanywa. Januari mwaka wa 2019 Dell ilitangaza Alienware Area-51m, iliyokuwa na prosesa ya aina ya mezani na kadi ya kuchomolewa, na ikasifiwa kwa uwezo wake wa kuboreshwa. Mwaka uliofuata, kadi na prosesa za kizazi kipya zilitoka zikiwa ndani ya mashine mpya, Area-51m R2, wala hazikuingia katika ile ya kwanza. Mwaka wa 2021 mmiliki mmoja aliishtaki kampuni hiyo katika jimbo la California, akidai kwamba matangazo yalimpotosha. Hoja iliyozozaniwa ilikuwa ya lugha kama ilivyokuwa ya uhandisi: neno kuboreshwa lilimaanisha nini, na kwa muda gani?

Kampuni ya Framework imefika mbali zaidi kwa mashine yake ya inchi 16, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka wa 2024. Kadi yake hukaa katika kipande kinachochomekwa nyuma, na Agosti mwaka wa 2025 kampuni ilitangaza kipande kipya cha RTX 5070 kinachoingia hata katika mashine zilizouzwa awali. Kadi hiyo, hata hivyo, si ya daraja la juu kabisa. Anayetaka nguvu za kilele bado hununua mashine ya lehemu, akijua kwamba siku atakayoiuza kwa mwingine, mnunuzi huyo naye atauliza jina la kadi kwanza.